NEEMA, TOBA NA MTU AJIONAYE HASTAHILI

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yaulizwayo na watu walioingia katika Uislamu kutoka katika Ukristo, na pia na wale ambao bado wanatafuta, limo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Nalo ni hili: "Kanisani nilifundishwa kwamba mimi ni mwenye dhambi, sistahili kitu, lakini Mungu hunipokea kwa neema yake. Sasa naambiwa nisali, nifunge, nitoe zaka, na kwamba matendo yangu yatapimwa katika mizani. Mtu dhaifu kama mimi ataokokaje? Je, neema nimeiacha nyuma?"

Swali hili halifai kudharauliwa, kwani mwenye kuliuliza hatafuti ubishi, bali anaogopa. Na asipopata jibu, mmoja kati ya mambo mawili humpata: ama ataacha kusali kwa kukata tamaa, ama atasali kama mtumwa anayekwepa fimbo. Basi natuyaeleze kwanza mafundisho ya Wakristo kama wao wenyewe wanavyoyafahamu, kisha tuone Uislamu unasema nini.

Neno lenyewe

Katika Biblia ya Kiswahili, "neema" imewekwa mahali pa neno la Kiyunani charis, ambalo Paulo alilitumia sana katika barua zake. Maana yake ni fadhili apewazo mtu asiyezistahili. Lakini Mwislamu asikiapo neno "neema" hufikiri mvua, mavuno, afya, watoto na riziki, kwa kuwa asili yake ni neno la Kiarabu ni'ma. Jambo lile ambalo Mkristo huliita neema, Mwislamu huliita rehema, au fadhila ya Mwenyezi Mungu. Kwa sababu hiyo mtu huweza kudhani kwamba jambo lenyewe halimo katika Uislamu, kumbe lililobadilika ni jina tu.

Wakristo wanafundisha nini

Mafundisho ya neema yalipata nguvu kubwa kwa mtu wa Afrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo na kufariki mwaka 430. Yeye alishindana na Pelagio, ambaye alisisitiza kwamba mtu anao uwezo wa kutii amri za Mungu kwa hiari yake. Augustino akasema: La, hata nia yenyewe ya kutenda mema yatoka kwa Mungu, maana tangu anguko la Adamu mwanadamu ni mgonjwa asiyeweza kujiponya.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Martin Luther wa Ujerumani aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt, mwaka 1505. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake kwa saa nyingi, na bado moyo wake haukutulia. Kila alipokwisha kuungama alikumbuka dhambi nyingine. Alipokuwa akifundisha barua ya Paulo kwa Warumi huko Wittenberg, mwaka 1515 na 1516, alikuwa katika kutafuta jibu, na hatimaye alishika kwamba haki ya Mungu si fimbo ya kumpiga mwenye dhambi, bali ni zawadi ipokelewayo kwa imani. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, lilikubali kwamba neema hutangulia, lakini likashikilia kwamba mtu hushirikiana nayo kwa hiari yake. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili.

Pia tusiwasingizie Wakristo kwamba neema kwao ni ruhusa ya kutenda dhambi. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945, aliandika mwaka 1937 kuikemea vikali neema rahisi, yaani msamaha usiomtaka mtu abadilishe mwenendo wake.

Tunapokubaliana na tunapoachana

Ndugu msomaji, usishangae ukiambiwa kwamba katika msingi wa jambo hili Uislamu unakubali. Mtume Muhammad s.a.w. aliwaambia masahaba wake kwamba hapana hata mmoja wao ambaye matendo yake yatamwingiza Peponi. Walipomuuliza kama hata yeye yumo katika hukumu hiyo, alijibu kwamba hata yeye, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema Yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi anayedhani kwamba Mwislamu huinunua Pepo kwa rakaa zake hajaufahamu Uislamu.

Tunaachana mahali pengine, nako ni katika swali la bei. Makanisa mengi hufundisha kwamba haki ya Mungu ilidai malipo, na malipo hayo yalitolewa msalabani. Wakristo husema kwamba hilo ndilo pendo lenyewe, kwa kuwa Mungu mwenyewe alijitwika gharama. Twaiheshimu hisia hiyo, lakini twauliza: Mwenye duka akifuta jina lako katika daftari la madeni, amekusamehe. Akidai mpaka mtu mwingine alipe, deni limelipwa, lakini je, limesamehewa? Katika mfano wa mwana mpotevu, uliomo katika Injili ya Luka, sura ya 15, baba anamkimbilia mwanawe, anamkumbatia na kumfanyia karamu. Hakumwadhibu mtu yeyote kwanza.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Fatiha, yamwita Mungu Mwenye siku ya malipo. Seyidna Ahmad a.s. ameeleza kwamba Yeye si kama hakimu afungwaye na sheria iliyo juu yake. Yeye ni Mwenye mali, naye aweza kusamehe haki Yake apendavyo. Vilevile ameeleza tofauti ya majina mawili yaliyomo katika Bismillahi: Rahmani ni Yule atoaye kabla ya tendo lolote, kama jua na hewa, ambavyo hatukuvifanyia kazi. Rahimi ni Yule apokeaye juhudi ndogo ya mja na kuizalisha matunda mengi. Basi rehema imetangulia tendo, na rehema yalifuata tendo. Tendo letu limo katikati, kama mbegu kati ya mvua mbili.

Nafsi inayojilaumu

Sasa tuirudie ile hofu ya kutostahili. Katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore mwezi Desemba 1896, Seyidna Ahmad a.s. alieleza kutoka katika Kurani hali tatu za nafsi: nafsi iamrishayo maovu, nafsi inayojilaumu, na nafsi iliyotulia. Nafsi inayojilaumu ndiyo ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kwa kiapo katika Sura Al-Qiyama. Tazama heshima hiyo! Unapoona uchungu kwa sababu ya dhambi yako, hiyo si dalili kwamba umetupwa, bali ni dalili kwamba umetoka katika hali ya kwanza. Maiti haoni maumivu.

Lakini ni hali ya kati, si maskani. Ipime hivi: lawama ikikupeleka kwenye sijda, ni rehema. Ikikufanya useme, "Mimi najisi, sifai kusimama mbele ya Mungu," ukaiacha Sala, basi hiyo ni wasiwasi wa shetani aliyevaa kanzu ya unyenyekevu. Katika Sura Az-Zumar, waliojidhulumu nafsi zao wenyewe ndio wanaokatazwa kukata tamaa na rehema ya Mungu.

Ufanye nini basi? Liache kosa, lijutie, azimia kutolirudia, na kama umechukua haki ya mtu, mrudishie. Ukianguka tena, rudi tena. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hufurahia toba ya mja Wake kuliko msafiri aliyepotelewa na ngamia wake jangwani, pamoja na chakula na maji yake, kisha akampata.

Na matendo ni ya nini, ikiwa Pepo ni kwa rehema? Mtume s.a.w. alisimama usiku katika Sala mpaka miguu yake ikavimba. Alipoulizwa kwa nini ajitaabishe hivyo, hali amekwisha samehewa, alijibu kwa swali: je, asiwe mja mwenye kushukuru? Hilo ndilo jibu. Hatusali ili tustahili, bali tunasali kwa kuwa tumepewa tusivyostahili.

Basi wewe uliyeuliza kama neema umeiacha nyuma, jua kwamba rehema ya Mola wako haikai katika jengo uliloliacha wala katika jengo uliloliingia. Ilikuwa pamoja nawe ulipokuwa ukitafuta, na ndiyo iliyokuamsha ukatafuta. Inuka, tia udhu, usimame mbele Yake na udhaifu wako wote. Mwenyezi Mungu atujaalie nafsi zilizotulia. Amin.