SOMO: HADITHI INAYOIMBWA

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusikia hadithi yenye wimbo ndani yake. Msimulizi akifika mahali pa huzuni au pa furaha, huimba, na wasikilizaji huitikia. Wimbo huo si pambo tu. Unaisukuma hadithi mbele.

Watu wa Ulaya nao walifanya hivyo kwa namna yao. Huko Italia, karibu na mwaka 1600, walianza kutunga michezo ya kuigiza ambayo wachezaji huimba badala ya kusema. Mchezo huo huitwa opera. Kundi la wapiga fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma huwasindikiza waimbaji. Kundi hilo huitwa okestra. Okestra hupiga pia muziki usio na mchezo wala waimbaji.

Opera moja inahusu Afrika. Inaitwa Aida. Muziki wake ulitungwa na Giuseppe Verdi wa Italia. Ilichezwa mara ya kwanza Cairo, Misri, mwaka 1871. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia. Ametekwa na kufanywa mtumwa Misri. Anampenda Radames, jemadari wa Misri. Jemadari huyo anatumwa kupigana na Waethiopia. Je, Aida amwombee nani ushindi: mpenzi wake au baba yake? Uchungu huo ndio anaouimba.

Mwaka 2000 hadithi hiyo ilichezwa New York, Marekani, kwa nyimbo mpya za Elton John wa Uingereza. Safari hii wachezaji walizungumza, wakaimba na kucheza dansi. Huo huitwa mchezo wa muziki. Opera ni kama mzazi, na mchezo wa muziki ni mtoto wake.

Na sisi wa Ufipa je? Kwaya zetu huimba kwa sauti nne. Kwaya za opera nazo hugawanywa hivyo. Hadithi pia tunazo. Wazee husimulia habari za Milanzi: mtawala hayupo nyumbani, wanawake wageni wanafika, wanachukua utawala. Hadithi hiyo yaweza kuigizwa na kuimbwa.

Verdi alifariki mwaka 1901, lakini Aida inachezwa hadi leo. Sababu ni kwamba maneno na muziki wake viliandikwa. Wimbo usioandikwa waweza kuzikwa pamoja na mwimbaji wake. Wewe sasa unajua kuandika. Mwombe mzee ruhusa, kisha andika wimbo wake kwa Kifipa, kama anavyouimba. Andika pia jina lake, kijiji chake na tarehe.

MASWALI
1. Opera ni nini?
2. Opera na mchezo wa muziki hutofautianaje?
3. Kwa nini Aida inachezwa hadi leo?
4. Taja wimbo mmoja wa kijijini kwenu ambao bado haujaandikwa. Nani anaujua?

ZOEZI
Andika maneno ya wimbo huo katika daftari lako. Wasomee wenzako darasani.