SOMO LA ROBO HII: Mzazi Anapomtafuta Mtoto Jangwani

Safari hii tujifunze kutoka jangwa la Sonora, mpakani mwa Meksiko na jimbo la Arizona, Marekani.

Kuanzia 1994 Marekani iliimarisha ulinzi katika miji ya mpakani, ikitarajia kwamba ukali wa jangwa ungewakatisha tamaa wahamiaji. Hawakuacha kuvuka, walihamia njia za hatari zaidi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na safari ya miguu huchukua siku kadhaa. Hakuna awezaye kubeba maji ya kutosha. Tangu 2000, ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Pima, mjini Tucson, imepokea mabaki ya wahamiaji zaidi ya 3,000, na baadhi yao bado hawana majina.

Mzazi yuko Guatemala au Meksiko. Viza hana, na polisi anawaogopa, kwa kuwa ana ndugu wengine Marekani wasio na vibali. Huko jangwani, jua na wanyama huacha mifupa mitupu katika wiki chache. Kinachobaki ni vitu vidogo: jino lililozibwa, rozari, namba ya simu iliyofichwa ndani ya mkanda.

Humane Borders, kundi lililoanzishwa na watu wa makanisa mjini Tucson mwaka 2000, huweka mapipa ya maji jangwani na kuyasimikia bendera za buluu. Mapema 2001 waliomba kuweka maji katika hifadhi moja wakanyimwa. Mei mwaka huo wahamiaji 14 walifia eneo hilo.

Colibrí Center, lililoanza 2013, lilishika kazi nyingine: kupokea simu za wazazi. Mama aliulizwa habari za nguo, meno na makovu. Baadaye familia zilitoa mate ili vinasaba vilinganishwe na mifupa. Tuseme kweli, wafadhili hupenda pipa kuliko faili, maana pipa hupigwa picha.

Kwa majadiliano:

Ni familia zipi parokiani kwenu zenye mtoto aliyekwenda kutafuta kazi na hajulikani aliko?

Nani ameandika tarehe ya simu yake ya mwisho na alama za mwilini mwake?

Je, bajeti yenu ina fungu la nauli na simu kwa mzazi huyo?