Farasi wa jioni Same

Swali: Naleta wageni Same. Tutapata farasi na kiongozi, tupande jua likizama?

Jibu: Ndugu msomaji, Same iko Upare, nchi ya ng'ombe, mbuzi na punda. Farasi watafute upande wa Machame, shamba la Makoa. Nyika ya Mkomazi, jirani na Same, ina mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humdhoofisha farasi hadi kufa. Tena usubi, wanaouma hasa wakati wa magharibi, hueneza tauni ya farasi. Kwa hiyo kiongozi anayewarudisha zizini mapema anamlinda mnyama, msimnung'unikie. Giza letu huingia ndani ya dakika 20 hivi.

Kabla ya kupanda, pitisha vidole chini ya mkanda wa tumbo: ukilegea, tandiko litapinduka. Same kwenyewe, tembeeni kwa miguu na mwenyeji.