Springi Hukopa, Mafuta Hulipa

Fundi aliyenisaidia kuiunga baiskeli yangu mpya alianza kutengeneza baiskeli za Phoenix pale Lushoto nikiwa bado mwanafunzi. Fremu ilipotoka kwenye boksi, imegawanyika vipande viwili vilivyoshikana kwa beringi na vyuma vidogo, alicheka.

"Mwalimu, baiskeli gani hii ina kiuno?"

Nikamwonyesha shokapu iliyolala katikati, kibomba cheusi kisichozidi urefu wa kiganja. Akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo hiki ndicho kinachomeza pigo la jiwe?"

"Ndicho, mzee."

"Na kikishameza, kinalipeleka wapi?"

Nafundisha fizikia, na swali hilo sijawahi kuulizwa darasani. Nilijibu harakaharaka kwamba kuna springi ya hewa ndani. Mzee akaitikia kwa heshima, lakini jibu lilikuwa nusu, na wote wawili tulijua. Nusu iliyobaki ndiyo makala hii.

Tuanzie mbali na baiskeli. Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Miguu yake inapanda mawe na kushuka mabonde, magoti yanakunjika, kiuno kinacheza, lakini ndoo inakwenda kama imetundikwa kwenye uzi ulionyooka. Newton aliieleza siri hiyo mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo ule ule, kwenye mstari ule ule, mpaka nguvu fulani ikisukume. Kadiri kitu kilivyo kizito, ndivyo kinavyodai nguvu kubwa zaidi ili kibadili mwendo. Maji ya ndoo ni mazito, hayataki kurushwarushwa. Mama anayaachia njia yao, na kazi ya kupanda na kushuka anaibebesha miguu.

Sasa weka gurudumu mahali pa miguu. Gurudumu la nusu kipenyo cha sentimita 37 linakwenda kilomita 20 kwa saa, linakutana na mzizi wenye kimo cha sentimita 5. Ukipiga hesabu ya umbo la duara, utaona gurudumu lina takribani sekunde 0.03 tu za kufika juu ya mzizi ule. Ili kitu kinyanyuke sentimita 5 kwa muda mfupi hivyo, kinahitaji msukumo wa kama mara 9 ya uzito wake. Baiskeli isiyo na kiuno inataka kunyanyua nusu ya mzigo wote, yaani mpandaji na fremu, tuseme kilo 45. Mara 9 ya hizo ni uzito wa kilo 400 na ushei: magunia manne ya mahindi yanakugonga kwa chini. Tairi litabonyea, mgongo wako utapokea sehemu yake, na kinachobaki kitakurusha. Lakini gurudumu likiwa huru kupanda peke yake, kinachonyanyuliwa ghafla ni gurudumu na vyuma vilivyoshikamana nalo, kilo 3 hivi. Mara 9 ya kilo 3 ni kilo 27. Ndiyo maana fremu imepewa kiuno, na ndiyo maana watengenezaji wanahangaika kupunguza uzito wa magurudumu.

Gurudumu likishapanda, lazima kiwepo kitu cha kulirudisha chini. Hapo ndipo springi inapoingia. Robert Hooke alitoa kanuni yake mwaka 1678: springi hukaza kwa kadiri inavyovutwa au kubanwa. Ibane maradufu, nayo itakusukuma maradufu. Kanuni hiyo iko kila mahali kwenye baiskeli, hata pasipoonekana springi. Boliti ni mfano. Unapoikaza, chuma chake kinarefuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kuwa kinataka kurudi, kinabana. Boliti za usukani wangu zinadai newton-mita 5, sawa na kutundika kilo mbili na nusu za sukari kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Mzee, aliyezoea kukaza mpaka mshipa wa shingo utokeze, hakuamini kiasi hicho kinatosha. Nikampa spana ya kupimia, ikalia "ka!" mapema kabisa. "Hapo tu?" Hapo tu. Ukizidisha, boliti inavutika kupita uwezo wake wa kurudi, na springi isiyorudi si springi tena.

Shokapu yangu haina waya uliosokotwa. Springi yake ni hewa. Chukua pampu ya kawaida, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma: mwanzo ni rahisi, katikati pagumu, mwishoni mkono unagoma. Robert Boyle aliandika sababu mwaka 1662. Hewa ukiibana ikae kwenye nusu ya nafasi yake, mgandamizo wake unakuwa maradufu. Robo ya nafasi, mara nne. Pampu ya majaribio yake ya hewa alitengenezewa na Hooke yuleyule, aliyekuwa msaidizi wake. Tabia hiyo ya hewa inamfaa mpandaji. Kwenye vijiwe shokapu inakuwa laini, na kwenye anguko kubwa sentimita ya mwisho inakaza yenyewe, vyuma visigongane.

Pampu ya shokapu ilimshangaza mzee kwa wembamba wake. Sababu ni hesabu ya eneo. Nilihitaji psi 165, kama mara tano ya tairi la gari dogo. Pampu yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 30 ingenidai nisukume kwa uzito wa kilo 80, zaidi ya uzito wangu. Pistoni ya milimita 9 inadai kilo 7 na kitu. Hewa inaingia kidogokidogo, lakini mkono wa mtu unaiweza.

Nilijuaje kuwa ni psi 165? Nilianza na 190 kwa kubahatisha. Nikavaa kofia na begi, nikaegemea ukuta wa kibanda, nikakaa kitini. Mzee akakisogeza kipete cha mpira mpaka shingoni mwa shokapu, nami nikashuka polepole kama anayetoka kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Kipete kilikuwa kimesogezwa milimita 13. Shokapu hiyo huingia milimita 55, na kwa uzito wa mpandaji aliyetulia ilitakiwa izame kama asilimia 30, yaani milimita 16 hivi. Nikapunguza upepo, tukarudia, ikasoma 16. Kuzama huko kabla ya safari kuna maana: njia ina matuta na ina mashimo. Springi isiyozama kabisa haina pa kuteremkia, gurudumu linalivuka shimo likiwa hewani, na gurudumu lililoko hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Kuhusu milimita hizo 55: gurudumu la nyuma lenyewe hupanda milimita 140. Vyuma vidogo vya kiunoni ni wenzo. Kila milimita ya shokapu ni milimita mbili na nusu za gurudumu, na kwa malipo ya ufupi huo, shokapu hubeba nguvu mara mbili na nusu. Ndiyo sababu hewa yake inajazwa kwa wingi kiasi kile.

Mpaka hapo swali la mzee bado liko palepale. Springi haiangamizi nishati, inaikopa. Mwangalie mtoto anayeruka juu ya kitanda cha springi. Kila anachokipa kitanda kwa kuanguka, kitanda kinamrudishia kwa kumrusha. Gurudumu lililopigwa na mzizi litarudi chini kwa kishindo kilekile, lidunde, lidunde tena, na mzizi wa pili utalikuta likiwa bado linacheza. Deni lazima lilipwe mahali.

Mlipaji ni mafuta. Ndani ya shokapu, pembeni ya hewa, kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Tumbukiza mkono kwenye beseni la maji na uusogeze taratibu: maji yanakupisha. Usogeze kwa nguvu: yanakuwa ukuta. Springi hujali umesogea kiasi gani, mafuta hujali unasogea kwa kasi gani. Pigo likija kwa kasi, mafuta yanakataa, yanazunguka na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, na yanapata joto.

Miaka ya 1840, Mwingereza James Joule alifunga mizigo kwenye kamba, akaiacha ianguke, na kamba zikazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Maji yakapanda joto, kidogo mno lakini kwa kipimo kilekile kila mara. Nishati ya kuanguka ilikuwa imegeuka joto. Baiskeli yangu ni jaribio la Joule lenye magurudumu. Mzigo unaoanguka ni mimi, na kinachokorogwa ni mafuta.

Mlima wenyewe una hesabu hiyo. Mpandaji na baiskeli, kilo 90 jumla, wakishuka kimo cha mita 100 wanaachia nishati ya kama jouli 88,000. Inatosha kuchemsha maji ya kikombe kikubwa cha chai. Sehemu inachukuliwa na upepo na matairi, sehemu na shokapu, na ukifunga breki, sehemu kubwa inaishia kwenye breki. Vijana wa Fairfax, California, walilijua hilo kwa pua. Oktoba 1976 walianza mashindano ya kushuka njia ya vumbi yenye kimo cha kama mita 400, wakitumia baiskeli za zamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mita 400 ni zaidi ya lita nzima ya maji yanayochemka, na sehemu kubwa ya joto hilo ilikusanyika ndani ya habu moja ya nyuma. Grisi iliungua ikatoka moshi, na ilibidi habu ijazwe grisi upya kila baada ya kushuka. Njia ile ikaitwa Repack, kujaza upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu iliyobuniwa hasa kwa milima.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa fupi: kipande cha njia chenye mizizi juu ya mji, upande wa Magamba. Nilikipita mara tatu nikibadilisha kitu kimoja tu, kizungushio chekundu kinachoamua springi irudi kwa kasi gani.

Mara ya kwanza nilikifunga kabisa, nikidhani polepole ni salama. Mzizi wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili sawa. Wa nne ulinigonga kama chuma kitupu. Mafuta yalikuwa yakiizuia springi isirudi, kila mzizi ukaikuta imezama zaidi, mpaka ikakosa pa kuzama. Mara ya pili nilikifungua chote, na baiskeli ikapiga mateke kama punda aliyechoshwa na mzigo. Kiti kilinigonga paja nikaacha njia, nikajikuta kwenye majani. Mara ya tatu nilikiweka katikati. Nilisikia mizizi ikipita chini yangu, tuk-tuk-tuk, huku macho yangu yakitazama mbele bila kutikisika. Nikamkumbuka mama wa ndoo. Kisha nikaiachia baiskeli ishuke hadi mjini.

Nilifunga breki mlangoni kwa mzee. Nikamwonya asiguse visahani vya breki, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya shokapu. Ilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

"Ni jua?" akauliza.

"Shika fremu."

Akaishika. Baridi. Akarudisha kiganja kwenye shokapu, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasogea kwenye Phoenix iliyokuwa ikisubiri tairi, akakibonyeza kiti chake cha springi mbili nene na kukiachia. Kikaruka, kikatetemeka, kikalia nyii, nyii, nyii.

"Hizi zangu zinakopa," akasema, "halafu wanaolipa ni wateja."