Jicho la Mdudu na Rangi ya Mtego

Mtu akitaka kumnasa ndege hutia mtegoni kile akipendacho ndege, wala hatii akipendacho yeye mwenyewe. Jambo hili watoto wetu walijua, lakini watu wazima mara nyingi husahau, wakadhani kwamba kila kiumbe huuona ulimwengu kama wauonavyo wao. Somo letu la leo ni khabari ya mdudu mmoja mharibifu wa miti, na jinsi wataalamu walivyolazimika kuliuliza jicho lake kabla ya kumtegea.

Mdudu huyu ni mbawakawa mdogo, urefu wake haufiki sentimita moja na nusu, na rangi yake ni kijani chenye kumeta mfano wa zumaridi. Jina lake la kitaalamu ni Agrilus planipennis. Asili yake ni nchi za mashariki ya Asia, kama China na Korea, na huko miti ya kwao imezoeana naye, wala yeye haidhuru sana. Katika mwaka 2002 alitambuliwa Marekani, karibu na mji wa Detroit, akila mti uitwao eshi, ambao mbao zake ngumu hufanywa mipini ya majembe na mashoka. Miti ya huko haikuwa na kinga naye. Tangu hapo amekwisha kuua makumi ya mamilioni ya miti.

Huenda msomaji akauliza: Kwani watu wa huko hawakuwa na macho? Jawabu ni kwamba walikuwa nayo, lakini madhara yalikuwa mahali pasipoonekana. Jike hutaga mayai katika nyufa za gome. Mabuu hutoboa, wakaingia ndani, wakachimba njia za kupindapinda katika ngozi ile ipitishayo chakula cha mti. Kwa nje mti ni mzima, na kwa ndani umekwisha kukatwa koo. Majani ya kileleni yanapoanza kupukutika, ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa, na mti hufa kwa muda wa miaka michache tu. Wataalamu walipozichunguza pete za miti iliyokufa walipata dalili kwamba mdudu alikuwapo tangu miaka ya 1990. Basi alikaa miaka mingi kati ya watu, wala hakuna aliyemjua.

Ikawa lazima kupata njia ya kumgundua mapema, na hapo ndipo lilipokuja suala la rangi. Jicho la mwanadamu hujenga rangi zote kwa nuru za namna tatu: nyekundu, kijani na buluu. Wataalamu walilipima jicho la mbawakawa kwa kulimulikia nuru mbalimbali na kuutazama umeme mdogo utokao ndani yake. Wakaona kwamba hupokea nuru ya zambarau, ya buluu na ya kijani, na hata nuru ile iliyo nje ya zambarau, ambayo sisi hatuioni kabisa. La ajabu zaidi ni kwamba majike waliokwisha kupandwa waliitika nuru nyekundu, na madume hawakuiitika. Viumbe wa jinsi moja, juu ya mti mmoja, na bado hawaoni sawasawa.

Baada ya hapo ilifanywa mitego yenye pande tatu, ikapakwa ulimbo, ikatundikwa mitini. Lau kama mtu angalikisia tu, huenda angalichagua rangi ya gome au ya udongo. Lakini majaribio yalionyesha kwamba mitego ya zambarau yavuta wadudu wengi, khasa majike. Na mitego ya kijani cha namna maalumu, ikitundikwa juu penye majani, yavuta madume zaidi. Na sababu ya madume kupenda kijani si ngumu kufahamika. Wataalamu walibandika mbawakawa waliokufa juu ya majani, na madume waliokuwa wakiruka juu yake waliwashukia ghafula kutoka urefu wa kiasi cha nusu mita au zaidi, wakidhani ni majike walio hai. Walihukumu kwa macho tu, na macho yakawahadaa.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba mtego ni dawa. Mtego ni mpiga mbiu: hutangaza kwamba adui amefika, wala haumfukuzi. Na pale wadudu walipo wachache, huenda usinase hata mmoja. Zaidi ya hayo, aliyemchukua mdudu huyu mbali si mabawa yake peke yake, bali ni watu, waliosafirisha kuni na miche kutoka jimbo hadi jimbo. Marekani iliweka sheria za kuzuia uchukuzi huo, lakini serikali kuu iliziondoa mwaka 2021, kwa kuwa mdudu alikuwa amekwisha kuenea. Tangu 2007 wanaachiliwa nyigu wadogo waliotoka Asia, ambao huwashambulia mabuu na mayai yake.

Wala tusidhani kwamba ilimu hii ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya, huko Nguruman, katika miaka ya 1980 ulitengenezwa mtego wa mbung'o wa kitambaa cha buluu na cheusi. Hakuna ng'ombe wa rangi ya buluu. Lakini mbung'o huvutwa na buluu, kisha hutua penye weusi. Anayefuga ng'ombe Kwale, karibu na msitu, ajua thamani ya jambo hilo.

Basi tuhifadhi mambo matatu. Kwanza, kitu kuonekana kizima kwa nje si hoja ya kuwa ni kizima. Pili, dhana haitoshi mahali panapowezekana kujaribu. Tatu, mzigo wa kuni aupakiao mtu bila ya kufikiri waweza kuumaliza msitu wa jirani yake.