Nairobi hadi New York: Saa za Tiketi na Saa za Mwili

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi JFK, New York, ni karibu kilomita 11,840. Ndege ya Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa, hivyo hesabu ya haraka huleta saa 13 na kidogo. Anayehamia Marekani asiitegemee. Katika safari ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018, kwenda huchukua karibu saa 15 na kurudi karibu 14. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ndege iendayo Marekani hupambana nao, irudiyo husukumwa nao.

Tiketi ndiyo huwachanganya wengi, kwa sababu kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Ndege ikiondoka Nairobi 23:55 wakati wa baridi, baada ya saa 15 hutua 06:55 ya New York, na anayetazama tiketi tu atadhani amesafiri saa saba. Anayeanzia Kigali, Bujumbura au Goma akumbuke pia kwamba saa za huko ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja.

Tarehe nazo zina mtego. Tiketi ikisema 00:30 ya tarehe 12, msafiri awe uwanjani usiku wa tarehe 11. Atakayekuja na ndugu zake wote kusindikizwa usiku wa tarehe 12 ataambiwa ndege iliondoka jana usiku.

Kutua si kufika. Sheria ya Marekani humtaka mgeni apite uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaoingilia, hata kama safari yake inaishia Minneapolis au Dallas. Mabegi huchukuliwa hapo, hupitishwa forodha, kisha hukabidhiwa upya. Mwenye viza ya kuhamia huweza kupelekwa chumba cha pembeni kukamilisha taratibu zake, na foleni ya huko haina haraka. Kwa hiyo ndege ya kuunganisha iliyo saa moja na nusu baada ya kutua ni hatari. Saa nne ni salama zaidi. Hati zote, pamoja na picha za eksirei kama alipewa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisipelekwe buti la ndege.

Anayebaki New York hupanda AirTrain hadi kituo cha Jamaica, kisha treni ya E ya chini ya ardhi kuelekea Manhattan.

Kazi ngumu zaidi ni ya mwili. Wakati wa baridi, saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku Nairobi, na usingizi humwangusha mtu kabla ya chakula. Siku za kwanza atembee nje kwenye mwanga wa jua, na akilala mchana asizidishe nusu saa.

Kuwapigia wazazi simu, asubuhi ndiyo nafuu: wakati wa baridi, saa moja asubuhi New York, nyumbani ni saa tisa alasiri. Jumapili ya pili ya Machi Marekani husogeza saa mbele, na hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti na Nairobi huwa saa saba. Simu hiyohiyo itapokelewa nyumbani saa nane mchana.