Goti la Kazi ya Pwani: Lijue kwa Vidole, Litunze kwa Paja

Bamvua likifika, akina mama wa Songosongo na vijiji vya pwani ya Lindi hushuka kwenye mashamba yao ya mwani maji yanapokupwa. Kazi ni kuinama na kuchuchumaa kwa saa nyingi, nyayo zikididimia mchangani, na mzigo wote huangukia goti. Likianza kuuma, wengi husema ni uzee au baridi ya bahari, wakanunua diklofenaki duka la dawa, kisha wakarudi majini. Kabla ya kidonge, lijue goti lenyewe.

Kaa barazani, nyosha mguu, legeza paja. Shika kimfupa cha duara kilicho mbele ya goti, yaani pia ya goti, ukisukume kushoto na kulia. Kinacheza. Sasa kaza paja ujaribu tena: kimetulia tuli. Kwa juu, pia imeshikwa na msuli mkubwa wa mbele ya paja. Kwa chini, kano nene huiunganisha na muundi. Kazi yake ni ile ya kapi la jahazi: msuli ukivuta, kano hupita juu ya pia na mguu ukanyooka bila taabu. Ndiyo maana paja likidhoofika, maumivu huonekana gotini.

Kunja goti kidogo, upapase pande mbili za kano ile, chini kidogo ya pia. Utakuta vishimo viwili laini. Hapo fupa la paja hukutana na muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu laini, na baina yake kuna vipande viwili vya gegedu vilivyopinda, kimoja upande wa ndani na kimoja wa nje, vinavyogawa uzito usikae mahali pamoja. Gegedu linalofunika mifupa halina mishipa ya damu. Chakula chake ni ute wa goti, unaosukumwa ndani na nje mtu anapotembea. Kwa hiyo goti lililochoshwa na kazi halisaidiwi na kulala wiki nzima. Litembeze taratibu, bila mzigo.

Kano nne kuu hufunga mifupa hiyo: mbili pembeni, mbili zimepishana katikati. Kukunja na kunyoosha zinakuweza. Kusokotwa ndiko kunakozikata. Mwangalie mchukuzi wa Kilwa Kivinje maji yakiwa yametoka: kiroba begani, mguu umezama topeni hadi kwenye kifundo, mwenzake anamwita, naye anageuza kiwiliwili chote ilhali wayo umeganda pale pale. Goti ndilo lililozunguka. Chomoa mguu kwanza, ugeuke kwa nyayo, hata kama unaharakishwa.

Wa mwani, kazi ya kufunga mbegu ifanyieni ufukweni kila inapowezekana, mkiwa mmekaa juu ya kigoda, kamba ipelekwe majini ikiwa tayari. Mkiwa majini msingoje ganzi. Simameni mara kwa mara, mpige hatua chache.

Nyumbani, jenga paja. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kujishika, rudi chini polepole; mara 10, pumzika, rudia. Goti likikataa kujikunja, lala chali, kaza paja la mguu ulionyooka, uinue shibiri moja, hesabu hadi 5, ushushe. Maumivu madogo wakati wa zoezi si neno. Yakizidi kesho yake asubuhi, punguza.

Anayepanda jabali kwenda kwenye magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani atangulize mguu mzima. Wakati wa kushuka, atangulize unaouma. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande usiouma. Hili hukosewa na wazee wengi, nalo hunisikitisha kwa kuwa kulirekebisha hakugharimu hata senti. Na mwenye unene ajue kwamba kila kilo 1 anayopunguza huliondolea goti lake kama kilo 4 za mzigo katika kila hatua.

Diklofenaki ya kila siku huumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu. Muulize daktari kwanza.

Goti lililovimba likawa la moto, pamoja na homa, si la kusubiri kesho: nenda siku hiyo hiyo hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au ya Sokoine, Lindi mjini. Vivyo hivyo likikwama lisinyooke, likilia "pwa" kisha likavimba saa hizo hizo, au ukishindwa kulikanyagia baada ya kuanguka. Goti la namna hiyo lisikandwe wala kuvutwa na mtu yeyote. Lilaze juu ya mto, weka kitambaa chenye maji ya baridi, utafute usafiri.